Walioanza na Waliobaki: Alama za Mtihani na Elimu ya Mtoto wa Kilombero

 

Shule zinapofungwa, katika nyumba za Kibaoni, Lipangalala, Katindiuka na Mlabani, hapa Ifakara, mtoto hupokewa na swali moja: "Umeshika namba ngapi?" Akitaja namba ya tatu, nyumba nzima inafurahi. Akitaja ya hamsini na mbili, anaulizwa kama huyo aliyeshika ya kwanza ana vichwa viwili. Swali la pili, la kutaka kujua muhula huu ameelewa kitu gani ambacho Januari hakukielewa, kwa kawaida halifiki. Nataka tuzungumze kuhusu swali hilo la pili. Kisha nitawaomba tuongeze la tatu, ambalo husikika kwa nadra zaidi: wale aliokaa nao dawati moja darasa la kwanza, wangapi bado wako naye?

Niseme mapema kwamba sikuja kuulaani mtihani. Mimi ni mtetezi wa mtihani wa taifa. Zamani wanafunzi wetu wa sekondari walifanya mitihani iliyotungwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1971 nchi yetu ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa Sheria Na. 21 ya 1973 tukaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Tangu hapo mtoto wa Mlimba, ambaye baba yake hamjui mtu yeyote Dodoma, anakaa kwenye karatasi ileile, siku ileile na saa ileile na mtoto wa Oysterbay, na msahihishaji anaona namba tu. Kwa maskini hiyo ni haki kubwa. Anayetaka kuifuta aniambie kwanza ataweka nini mahali pake, maana ninavyoijua nchi yetu, pasipo na mtihani huingia kujuana, kimemo na bahasha.

Shida inaanza pale alama inapogeuka kuwa riziki ya mtu mwingine asiye mtoto. Ikishakuwa ndiyo inayoamua kama mwalimu mkuu atabaki na cheo chake, kama afisa elimu atasifiwa au ataitwa kujieleza, kama shule ya kulipia itajaza madawati au itafungwa, kila mmoja wao anapata sababu ya kuishughulikia alama na kumwacha mtoto kando. Alama husema kweli mradi hakuna anayeishi kwayo.

Nitoe ushahidi. Mwaka 2010 vijana wa kujitolea wa Uwezo, mpango wa kupima watoto wamejifunza nini, walizunguka majumbani, Tanzania Bara, wakiwa na karatasi yenye hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Walimketisha mtoto, wakampa karatasi, wakamwambia soma. Katika kila watoto watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba, mmoja hakuweza kuisoma. Mwaka 2012 serikali yenyewe ikalieleza taifa kwamba miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walibainika zaidi ya 5,000 wasiojua kusoma na kuandika. Hawa hawakuwa watoto walioshindwa mtihani. Walifaulu, majina yao yakabandikwa ukutani, wazazi wakauza mpunga kununua sare na madaftari. Karatasi ya kuchagua jibu kwa herufi haimjui anayekisia, na chumba cha mtihani chenye mtu anayetaka shule yake ipande kina njia nyingi za kumnong'oneza mtoto. Yule kijana wa Uwezo mwenye karatasi yake moja hakuwa na kitu cha kumpa mtoto wala cha kumnyima, hakuwa na shule ya kuipandisha wala ya kuishusha, ndiyo maana karatasi yake ilisema kweli.

Majirani zetu wa Kenya walilipata somo hilo kwa ukubwa wake. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata wastani wa A katika mtihani wa kidato cha nne. Mwaka uliofuata Waziri Fred Matiang'i akabana mianya ya uvujaji, na waliopata A wakawa 141. Vijana wa Kenya hawakupungukiwa akili kwa mwaka mmoja.

Na sisi tunayo ya kwetu. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000, karibu sita katika kila kumi, walipata sifuri. Nchi ilitikisika, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza alama zipangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia. Yalipotoka tena, wenye sifuri walikuwa kama 210,000. Watoto takriban 30,000 waliondoka kwenye sifuri bila yeyote kati yao kufungua daftari. Baada ya hapo tulibadilisha viwango vya madaraja, mwaka 2014 tukahamia GPA, na mwaka 2016 tukarudi kwenye divisheni. Mtoto aliyepata alama 62 katika somo alihesabiwa kuwa na B+ kwa mpangilio wa mwishoni mwa 2013. Kwa mpangilio wa leo, 62 ni C. Swali ni lilelile, mwandiko uleule, majibu yaleyale.

Hapa Ifakara kila mkulima anaijua lumbesa. Gunia linajazwa, linaongezewa kichwa, linashonwa kwa kamba, na kwenye hesabu ya mnunuzi linabaki kuwa gunia moja. Cheti nacho kinaweza kutufanyia hivyo hivyo. Kwenye hesabu za halmashauri ni C moja, ni "ufaulu" mmoja, na kilichomo ndani hakionekani mpaka mtu akifungue. Katika lumbesa anayepunjwa ni mkulima. Katika cheti anayepunjwa ni mtoto, na huwa anajua siku ambayo mlango umeshafungwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Kwa upande wa elimu, moja ya hatua zake ilikuwa kuzipanga shule zote za msingi kwa matokeo ya darasa la saba, kitaifa na ndani ya kila wilaya, na kuitangaza orodha hiyo hadharani. Hapakuwa na adhabu iliyoandikwa kwa shule ya mwisho. Ilikuwa orodha tu. Wachumi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichukua takwimu za shule zote nchini kuanzia 2011 hadi 2016 wakatazama orodha ile ilifanya nini. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2021. Walikuta kwamba shule zilizokuwa zikishika mkia katika wilaya zao zilipandisha matokeo kweli. Hilo tulikubali, kuna walimu waliamka wakafundisha zaidi. Lakini walikuta na jambo la pili: shule hizohizo ziliwaengua baadhi ya watoto wasifike darasa la saba. Waliodhaniwa watashusha wastani hawakufika kwenye chumba cha mtihani.

Naomba tukae kidogo na jambo hili. Mtoto haondolewi kwa barua. Anaambiwa arudie darasa. Mama yake anaitwa, anaambiwa kwa upole kwamba huyu bado mdogo, au kwamba kichwa chake ni kizito, au kwamba akae nyumbani kidogo apate nguvu. Hakuna aliyevunja sheria waziwazi, hakuna aliyemchapa mtu. Mwaka unaofuata shule inapanda nafasi kadhaa kwenye orodha, kunafanyika sherehe, wali na nyama vinaliwa. Mtoto mwenyewe hayumo kwenye hesabu ya waliofeli, kwa sababu hayumo kwenye hesabu yoyote.

Utafiti ule ulikuwa wa nchi nzima, haukulitazama bonde letu peke yake. Lakini mwalimu yeyote aliyefundisha huku anajua ni mtoto gani atakayetajwa kwanza. Ni mtoto wa shamba la mbali.

Bonde la Kilombero lina kalenda yake, na haikupangwa na wizara. Mvua zikishika, familia nyingi huhama vijijini kwenda kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali. Huko hukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yakipanda yasiwakute wamelala. Wanakaa wakati wa kulima na kupanda, na wanakaa tena kulinda ndege na kuvuna. Watafiti wa malaria wa hapa Ifakara wameandika mengi kuhusu kuhama huku, kwa sababu anayelala dunguni yuko mbali na zahanati. Umbali huohuo ndio unaomtenga mtoto na shule. Shule zinafunguliwa Januari, wakati jembe limeshika kasi. Mpunga unakomaa muhula wa kwanza ukielekea mwisho. Mtoto wa dunguni anapoteza wiki mwanzoni, anapoteza nyingine mwishoni, na katikati anakimbizana na wenzake.

Lakini mtazameni akiwa huko. Mvulana wa miaka kumi na miwili aliyepewa kazi ya kulinda ndege anaamka kabla jua halijatoka, kwa sababu kwelea huja alfajiri. Ana kombeo na rundo la mabonge ya udongo yaliyokauka. Ametandaza kamba kutoka kwenye nguzo ya dungu hadi katikati ya shamba, amening'iniza makopo, akivuta mara moja upande wote unalia. Anajua kwamba kwelea wanapenda zaidi punje iliyo kwenye maziwa, kwa hiyo anajua jaruba la kulinda leo na jaruba linaloweza kusubiri. Kundi likiinuka haangalii ndege, anaangalia upepo, ili ajue litashukia wapi. Mwulize mwaka jana maji yalifika wapi, atakuonyesha mstari wa tope kwenye mti, kisha atakuambia kwa nini mwaka huu yanaweza kuzidi. Huyo anatazama, anakisia, anapima makisio yake asubuhi inayofuata, anayarekebisha. Kwenye muhtasari wa sayansi hayo yote yamo, na wengi wa wanaoyakariri hawajawahi kuyafanya.

Sisemi aachwe dunguni. Mahali pa mtoto ni shuleni, na mzazi anayemweka shambani muhula mzima anamdhulumu. Ninachosema ni kwamba mtoto huyu anarudi darasani akiwa amebeba elimu ambayo karatasi haitamwuliza, na akiwa na mapengo ambayo karatasi itamwuliza yote. Shule inayohesabu wastani inamwona kama hasara. Shule inayofundisha ingemwona kama mahali pazuri pa kuanzia.

Mwalimu Nyerere aliyaona haya mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 alieleza kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa kukusanya habari na kuzitoa zinapohitajika, haifaulu kila mara kupima uwezo wa kufikiri, na haipimi kabisa tabia ya mtu wala utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Azimio la Musoma la 1974 likataka maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi na kazi zake vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Wazo lilikuwa sahihi. Utekelezaji ndio uliochakaa, maana shule zilipogundua kwamba alama za maendeleo nazo zinaingia kwenye jumla, ziligawa alama za maendeleo kwa ukarimu. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni kubadilisha aina ya alama. Tumezibadilisha mara nyingi mno.

Nani basi atatuonyesha kujifunza kwa kweli kunafananaje? Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ndogo hapa hapa Ifakara, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wake walijaribu chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Jaribio lilifanyika Idete, jirani zetu, kwa watoto 586 wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Dunia nzima ilikuwa inasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: chanjo ilipunguza homa za malaria kwa asilimia 31.

Wanangu, kwa mpangilio wa NECTA 31 ni D. Ni ufaulu. Shule nyingi zingeishia hapo, zikatundika bango. Wao hawakuishia hapo. Walijua namba ile ilikuja na mashaka makubwa, kwamba ukweli ungeweza kuwa juu yake sana au karibu na sifuri, nao wakayaandika mashaka hayo waziwazi karibu na namba yenyewe. Kisha wakaijaribu chanjo ileile kwa watoto wachanga hapa Ifakara. Mwaka 1999 wakachapisha jibu: haikuwakinga. Walitangaza sifuri ya chanjo waliyoihangaikia kwa miaka, kwa majina yao wenyewe.

Na wakati huohuo watu haohao walikuwa na swali lingine mkononi. Je, chandarua chenye dawa, kikiuzwa kwenye maduka ya vijijini, kitaokoa watoto? Wakubwa mliopo hapa mnavikumbuka vyandarua vile vya Zuia Mbu. Mwaka 2001 jibu likachapishwa: kwa watoto wa chini ya miaka mitano waliovitumia, uwezekano wa kubaki hai uliongezeka kwa asilimia 27. Vyandarua vilivyosambaa nchini baadaye vilipata nguvu kutokana na ushahidi wa bonde hili. Na ushahidi huo ulipatikana kwa sababu waliokuwa wakipima walitaka kujua kitu, na jibu baya lilikuwa na thamani kwao sawa na jibu zuri.

Hilo ndilo linalokosekana darasani kwetu. Jibu baya la mtoto halina thamani yoyote. Linapigwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, daftari linafungwa, mada inayofuata inaanza. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini na muhtasari wa kumaliza kabla ya mtihani wa moko hana nafasi ya kuuliza kosa hili lilitokea wapi. Simlaumu. Namwonea huruma, kwa sababu najua wengi wenu mliingia ualimu mkitaka kufundisha, na sasa mnaendesha makambi ya darasa la saba, maswali ya miaka iliyopita yanarudiwa asubuhi, jioni na Jumamosi, vipindi vya Stadi za Kazi na michezo vimemezwa na Hisabati, na mtoto anajifunza kuitambua sura ya swali kabla ya kulielewa.

Chukueni kilimo, somo la nyumbani kwetu. Kijana wa sekondari ataandika bila kukosea kwamba katika kilimo shadidi cha mpunga miche hupandwa kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Anapata alama yake. Nendeni naye kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mkula. Huko wakulima wanavuta kamba yenye vifundo, wanang'oa mche ukiwa mchanga wa siku nane hadi kumi na mbili, wanauhamisha na udongo wake kwenye mizizi, mmoja kwa kila shimo. Mwulize kijana kwa nini mmoja, wakati bibi yake hupanda minne mitano pamoja ili mmoja ukifa mingine ibaki. Hapo ndipo elimu ingeanza, katikati ya hoja ya bibi na hoja ya mtaalamu, maana zote mbili zina akili ndani yake. Bibi anajikinga na hasara. Mtaalamu anataka mche upate nafasi ya kuchipua. Nani yuko sahihi inategemea una maji ya kuamrisha au unasubiri ya mbinguni. Mtoto anayeweza kulieleza hilo ameelewa jambo ambalo karatasi ya kuchagua A au B haiwezi kulipokea.

Na lugha, ambayo siwezi kuiruka ingawa inastahili mhadhara wake. Mtoto anafundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha Januari moja anaamka kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza isipokuwa kipindi cha Kiswahili. Wapo wanaokusomea maana ya usanisinuru kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kuacha nukta. Mwulize kwa Kiswahili kwa nini mpunga ulio chini ya kivuli cha mwembe hauzai vizuri, anakutazama. Maneno aliyokariri yalikuwa na jibu ndani yake, naye hakujua kwamba amelibeba. Kukariri huko si uvivu wa mtoto. Ni njia pekee tuliyomwachia ya kuvuka.

Yapo mabadiliko, na tuyape haki yake. Januari 2023, NECTA ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, iliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa, kwa maelezo kwamba utaratibu ule haukuwa na tija na ulikuwa kama kuzitangaza shule kibiashara. Ulikuwa uamuzi mwema na ulichelewa. Lakini orodha haijafa. Imehamia kwenye vikao vya halmashauri, kwenye mabango barabarani na kwenye simu zetu, ambako mtu anazipanga shule mwenyewe usiku uleule matokeo yanapotoka. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 inazungumzia umahiri, na sekondari imefunguliwa mkondo wa amali. Bonde lenye mpunga, miwa, reli ya TAZARA, umeme wa Kidatu na hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransisko halina sababu ya kukosa mafundi wa kumfundisha kijana amali. Hofu yangu ni moja: tukianza kuzipanga shule kwa alama za umahiri, umahiri nao utakaririwa.

Kwa hiyo ombi langu halihusu NECTA wala wizara. Linawahusu ninyi mliomo humu.

Sera mpya ya elimu inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, na elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba hadi sita. Mwaka 2027 darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza watamaliza pamoja. Ni watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2021 na walioanza mwaka 2022. Watakuwa wengi kwa mara moja, madawati ya kidato cha kwanza yatagombaniwa, na kishawishi cha kuwapunguza wasioahidi alama nzuri kitakuwa kikubwa kuliko wakati wowote. Ikiwa elimu ni ya lazima hadi kidato cha nne, hakuna shule yenye haki ya kumchuja mtoto kabla hajafika, wala mzazi mwenye haki ya kumbakiza dunguni.

Wazazi, msisubiri 2027. Katika mkutano ujao wa shule, kabla mwalimu mkuu hajasoma asilimia za ufaulu, mmoja wenu asimame aulize kwa heshima: watoto walioandikishwa darasa la kwanza mwaka 2021 walikuwa wangapi, na wa 2022 wangapi? Waliohama ni kina nani, na walihamia shule gani? Waliobaki ni wangapi? Na wale wasio kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili, wako wapi leo? Wajumbe wa kamati ya shule wachukue majina hayo kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti aende mpaka kwenye mashamba. Kisha kila mtoto aliyepatikana apewe hadithi ya darasa la pili aisome mbele ya mwalimu wake, bila alama na bila namba, ili mwalimu ajue aanzie wapi.

Daftari la uandikishaji lipo katika ofisi ya kila mwalimu mkuu. Majina yote yameandikwa humo.